MINAZI 34 YA MGONJWA: JE, UBONGO NI KOMPYUTA?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na masahaba zake.



Ndugu yangu, somo la leo ni refu. Lisome kwa vituo ukitaka, lakini lifikishe mwisho, kwa sababu mwisho wake unagusa haki ya mtu ambaye huenda analala nyumbani kwenu.

Tangu programu za akili mnemba ziingie kwenye simu zetu, swali moja halikauki: je, ubongo wa mwanadamu ni kompyuta? Wapo wasomi wakubwa wanaosema ndiyo, ni kompyuta iliyofanywa kwa nyama badala ya waya. Wapo wasomi wakubwa wanaosema hapana, huo ni mfano ambao tumeuzoea mpaka tumesahau kuwa ni mfano. Kijana wa Kiislamu yuko katikati, simu mkononi, hajui ashike upande gani. Mwingine anaogopa hata kuuliza, asije akaambiwa imani imemtoka.

Usiogope. Tulichukue swali hili kwa njia ya historia, na tuanzie hapahapa pwani yetu ya Tanga na Pangani, kwenye jambo ambalo kila familia inalijua: mirathi.

*HESABU YA MINAZI 120*

Chukua mfano. Mtu amefariki Pangani. Ameacha mke, mama yake mzazi, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike. Madeni yamelipwa, wasia umetekelezwa, limebaki shamba la minazi 120. Nani anapata nini?

Allah ameshagawa katika Suratun-Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Mke, kwa kuwa marehemu ana watoto, anapata thumni, yaani moja ya nane: minazi 15. Mama anapata sudusi, moja ya sita: minazi 20. Imebaki 85. Hiyo ni ya watoto, kila wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Mafungu yote matano, kila fungu minazi 17. Binti anapata 17, kila mtoto wa kiume 34. Jumlisha mwenyewe: 15, 20, 17, 34 na 34. Ni 120 kamili, haukubaki hata mmoja.

Sasa tazama ulichofanya. Umefuata kanuni, hatua baada ya hatua. Hukuhitaji kumjua marehemu, wala kuliona shamba, wala kulia msibani. Hesabu ya namna hii ndiyo kompyuta inayoiweza, na leo zipo programu za mirathi: unaingiza warithi, inakutolea mafungu kabla hujameza mate.

Elimu hii ina mizizi kwetu. Sheikh Ali bin Hemed al-Buhriy, mwanachuoni wa Tanga, aliandika kwa Kiswahili kitabu kiitwacho Mirathi. Kilichapishwa Zanzibar katika miaka ya 1920 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Philip Mitchell, ofisa wa serikali ya kikoloni ambaye baadaye alikuwa gavana wa Uganda na kisha wa Kenya. Sheikh Ali aliandika pia Nikahi, juu ya sheria za ndoa. Baba yake, Hemed bin Abdallah, ndiye aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima. Nyumba ya elimu hiyo.

Kanuni zikishakuwa kwenye karatasi, hata mtu ambaye hakuwahi kukaa kwenye darsa la sheikh anaweza kuzifuata na akapata jawabu lilelile. Lishike jambo hili, maana ndilo lililozaa kompyuta.

*KUTOKA BAGHDAD HADI KWENYE SIMU YAKO*

Zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliishi Baghdad mwanachuoni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Aliandika kitabu cha al-jabr, ambacho jina lake ndilo asili ya neno aljebra unalolisoma shuleni. Ukikifungua utakuta sehemu kubwa inahusu wasia na mirathi. Waislamu walikuwa na faradhi ya kugawa mali kwa mafungu sahihi, na yako masuala yanayochanganya wasia, deni na mafungu mpaka kichwa kinauma. Haja ya kutekeleza amri ya Allah iliisukuma mbele elimu ya hesabu.

Kitabu chake kingine, kuhusu tarakimu za Kihindi, kilitafsiriwa Kilatini, na Wazungu wakalitamka jina lake "Algoritmi". Hapo ndipo lilipotoka neno algorithimu, yaani kanuni ya kufuata hatua kwa hatua mpaka upate jawabu. Kila unaposikia kuwa algorithimu fulani inaamua video gani uione, limetajwa jina la Mwislamu wa Khwarizm.

Sasa tusogee mpaka Uingereza, mwaka 1936. Zamani hizo neno kompyuta halikuwa jina la mashine. Lilikuwa jina la kazi ya mtu. Kompyuta alikuwa mwanamume au mwanamke aliyeajiriwa kukaa na karatasi na kalamu, akihesabu siku nzima kwa kanuni alizopewa. Majedwali ya mwezi na nyota waliyoyategemea mabaharia yalihesabiwa na watu wa aina hiyo.

Katika mwaka huo kijana mmoja, Alan Turing, aliandika makala iliyobadilisha dunia. Alijiuliza: mtu anapohesabu kwa kufuata kanuni, hasa anafanya nini? Akamwangalia mtu huyo kama unavyomwangalia mtoto mwenye daftari la hesabu la visanduku. Anatazama kisanduku kimoja, anaona alama, anaifuta au anaandika nyingine, anahamia kisanduku cha pembeni, na kila hatua inategemea alichokiona na pale alipofika katika kanuni. Turing akaonyesha kuwa mashine inaweza kufanya hatua zote hizo. Kompyuta zilizokuja baadaye zimesimama juu ya wazo hilo.

Hapa ndipo penye fundisho la kwanza, ndugu yangu. Kompyuta ilifikiriwa kwa kumwiga mtu. Tena hakuigwa mtu mzima. Iliigwa kazi yake moja, ile ya kufuata kanuni kwenye karatasi, kama ulivyofanya wewe hivi punde na minazi 120. Miaka michache baadaye watu wakaugeuza mfano. Mwaka 1943 Warren McCulloch na Walter Pitts waliandika kwamba seli za ubongo zinaweza kutazamwa kama swichi za mantiki, ndiyo na hapana. Mwaka 1945 John von Neumann, alipoandika mpango wa kompyuta mpya, alizielezea sehemu zake kwa kuzifananisha na seli hizo za neva. Mashine ikaelezwa kwa ubongo, ubongo ukaelezwa kwa mashine, na baada ya muda watu wakasahau nani alimwiga nani.

Mwenye kuchonga kinyago cha babu yake hawezi kurudi nyumbani akasema babu ni gogo.

*KILA ZAMA NA MFANO WAKE*

Mwanadamu ana desturi ya kujieleza kwa chombo kilicho karibu naye. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliufananisha moyo na hodhi linaloingiwa na mito mitano, nayo ni hisia tano. Alitaja pia njia ya pili: kuifunga ile mito na kuchimba chini ya hodhi mpaka maji safi yabubujike kutoka ndani. Descartes wa Ufaransa, katika karne ya 17, aliona bustani za wafalme zenye sanamu zilizoendeshwa kwa nguvu ya maji, akaifananisha mishipa ya fahamu na mabomba yale. Katika karne ya 19 waya za simu ya maandishi zilipoenea Ulaya, Helmholtz wa Ujerumani akazilinganisha neva na waya hizo. Leo tuna kompyuta, na tumekuwa kompyuta.

Na sisi mitaani hatukubaki nyuma. Mtoto akihifadhi juzuu haraka tunasema kichwa chake kompyuta. Mtu akipungukiwa na akili wapo wanaosema nati zimelegea. Simu zilipoenea wakasema huyu netiweki haisomi. Nati ni mfano wa watu wa gereji, netiweki ni mfano wa watu wa simu. Angalia, lakini, kwamba mfano uleule unaomsifu mtoto hodari ndio unaomdhihaki mgonjwa. Tutarudi hapo.

Kosa haliko katika kupiga mfano. Qur'ani yenyewe imepiga mifano mingi. Kosa linaanza pale mtu anapouchukua mfano akautolea hukumu.

*HAKI YA WANAOSEMA NDIYO*

Uadilifu unatutaka tuseme lililo kweli upande wa pili. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi na seli za neva zipatazo bilioni 86. Seli hizo hupelekeana habari kwa umeme mdogo na kwa kemikali. Mtu akipata kiharusi upande fulani, anaweza kupoteza maneno huku akielewa unachomwambia. Akichomwa dawa ya usingizi kwa upasuaji, fahamu inaondoka, na dawa ikiisha inarudi. Hakuna Mwislamu anayepaswa kuyakana haya. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alizigawa nguvu za ndani za mtu na kuzipangia sehemu zake ndani ya ubongo, na kumbukumbu akaiweka sehemu ya nyuma. Sayansi ya leo imeubadilisha mgao wake, lakini wazo kuwa ubongo ni chombo cha kufikiri lilishakuwepo katika vitabu vyetu.

Maulamaa wetu walijadiliana hata mahali pa akili. Imamu Nawawi, ambaye kitabu chake Minhaj ni tegemeo la sisi Mashafii wa pwani hii, ametaja katika sherehe ya Sahihi Muslim kwamba wenzetu wa madhehebu waliiweka akili moyoni, na kwamba Abu Hanifa aliiweka kwenye ubongo. Walihitilafiana, na hakuna aliyemtoa mwenzake katika Uislamu. Na walipofika kwenye sheria walikubaliana kuwa mtu akimpiga mwenziwe kichwani akampotezea akili, anawajibika kwa dia kamili. Walijua kuwa pigo la kichwa linaiondoa akili.

Ukimwona mtu anaongea peke yake, halali usiku, anaona vitu wasivyoviona wengine, usikimbilie kusema majini na ukaishia hapo. Msomee, ndiyo. Muombee dua, ndiyo. Na hospitali mpeleke. Ubongo ni kiungo, na kiungo huumwa.

*PALE HESABU INAPOSIMAMA*

Sasa tuulize: kama ubongo unapitisha umeme na unahesabu, kwa nini tusiseme ni kompyuta na tukamaliza? Zipo sababu, na nitakupa tatu.

Ya kwanza ni kumbukumbu. Ukiweka faili kwenye kompyuta leo, mwakani utalikuta vilevile, herufi kwa herufi, hata kama hukulifungua. Muulize aliyehifadhi Qur'ani kama ndivyo ilivyo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alituhimiza kuidurusu mara kwa mara, akatupa mfano wa ngamia anayechomoka kwenye kamba yake. Mtoto wa chuoni anashika aya kwa sauti ya mwalimu, kwa kuyumba kwa mwili, kwa mahali pa aya katika ukurasa, kwa kuogopa fimbo na kwa kufurahia kusifiwa. Huko si kunakili faili. Von Neumann mwenyewe, baba mmoja wa kompyuta, aliandika kitabu cha kulinganisha kompyuta na ubongo ambacho kilitoka mwaka 1958 akiwa ameshakufa, na alifikia kuona kuwa lugha anayoitumia ubongo ndani yake haifanani na lugha yetu ya hesabu.

Ya pili ni maana. Mwaka 1980 mwanafalsafa wa Marekani, John Searle, alitoa mfano wa mtu asiyejua Kichina aliyefungiwa chumbani na kitabu cha kanuni. Anapokea maandishi ya Kichina, anafuata kanuni, anatoa maandishi mengine. Walio nje wanadhani anajua Kichina. Yeye hajui hata herufi moja. Wapo waliomjibu kwamba ufahamu uko katika mfumo mzima, mtu na kitabu kwa pamoja, na ubishi haujaisha. Lakini ulete mfano huo Pangani. Mpe karani asiyejua Uislamu majedwali ya mirathi. Atakutolea 15, 20, 17, 34 na 34, na hatakosea. Je, anajua kuwa ile 15 ni mjane anayeanza eda? Anajua kuwa ile 20 ni mama aliyemzika mwanawe? Namba ni zilezile. Anayejua ni yule anayezisoma akiwa na moyo.

Ya tatu ni uamuzi na dhamana. Zama za Sayyidna Umar bin al-Khattab, Allah amridhie, lilitokea suala la mwanamke aliyekufa akaacha mume na dada wawili. Mume ana nusu. Dada wawili wana theluthi mbili. Jumlisha: tatu ya sita na nne ya sita ni saba ya sita. Mali haitoshi! Mashine iliyopewa kanuni hizo mbili tu ingekwama hapo. Umar aliwashauri masahaba, ikaamuliwa kila mmoja apunguziwe kwa kadiri ya fungu lake, mali igawanywe sehemu saba: mume tatu, dada nne. Hiyo ndiyo iitwayo aul. Ibn Abbas baadaye aliipinga, na hoja zake zimeandikwa, ila jamhuri ya maulamaa wamebaki na uamuzi wa Umar. Leo programu ya mirathi inafanya aul bila kusita, kwa sababu kuna watu waliokaa, wakaogopa kumdhulumu mtu, wakaamua. Mashine inatembea katika njia iliyokatwa na waliomcha Mungu.

Na ikikosea, nani anaulizwa? Nchi yetu ina kisa chake. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye hesabu za serikali zilipoingizwa kwenye mashine mambo yakavurugika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, marufuku iliyokuja kulegezwa miaka ya mbele. Hakuna aliyeipeleka mashine mahakamani. Wenye kujibu walikuwa watu. Siku ya Kiyama vilevile, hakuna atakayesimama akasema, ya Rabbi, niliugawa urithi hivi kwa sababu simu iliniambia.

Turing mwenyewe, katika makala yake ya mwaka 1950, aliwataja watu wa dini wanaosema kuwa kufikiri ni kazi ya roho, na mashine haina roho. Akawajibu kuwa kusema hivyo ni kuuwekea mipaka uwezo wa Mungu: akitaka, atakipa roho akitakacho. Jawabu hilo lisitutie hofu. Sisi hatusemi Allah hawezi. Tunasema anayedai kuwa jambo limekwisha kutokea alete ushahidi. Kuhusu roho, tumeshaambiwa katika Suratul-Israa, aya ya 85, kuwa hiyo ni katika mambo ya Mola wetu, na kwamba elimu tuliyopewa ni chache. Mwenye elimu chache haoni aibu kusema hapa ndipo nilipofika.

*KALAMU ILIYOINULIWA*

Twende kwenye kiini. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kuwa kalamu ya kuandika madhambi imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka apate akili. Imepokewa katika Sunan Abi Dawud kwamba mwanamke mmoja mwenye wazimu alikuwa akipelekwa kupigwa mawe katika zama za Umar, na Sayyidna Ali, Allah awaridhie wote wawili, akamkumbusha Umar hadithi hiyo, na Umar akaamuru aachiwe.

Waangalie watatu hao kwa jicho la swali letu. Ubongo wa aliyelala haujasimama, unafanya kazi usiku kucha. Ubongo wa mtoto ni mwepesi kuliko wa baba yake, unashika lugha mbili akiwa bado anacheza mchangani. Ubongo wa mgonjwa wakati mwingine unakwenda mbio mpaka haumpi usingizi. Kama jambo lingekuwa ni wingi wa kuhesabu, watatu hawa wangeandikiwa. Kalamu inafuata kitu kingine: akili ya kupambanua na kukusudia, ile inayomfanya mtu aambiwe fanya na aulizwe kwa nini hukufanya.

Na sasa sikiliza vizuri. Mizigo imeondolewa kwao. Haki zao hazikuondolewa. Mtoto mchanga anarithi. Mimba iliyo tumboni inawekewa fungu lake. Mwendawazimu anarithi sawasawa na ndugu yake mwenye digrii, haipungui hata nazi moja. Na katika madhehebu ya Imamu Shafii, mali ya mwendawazimu ikifika kiwango cha zaka, zaka yake inatolewa na msimamizi wake. Mali yake ni mali kamili, kwa kuwa yeye ni mtu kamili mbele ya Mola wake.

Hapa ndipo mfano wa kompyuta unapokuwa na hatari, ndugu yangu. Kompyuta ikiharibika tunaiweka stoo, tunatoa vipuri, tunanunua nyingine. Thamani yake ni kazi yake. Ukishamwona binadamu kwa jicho hilo, mgonjwa wa akili amekwisha machoni pako.

*RUDI SHAMBANI*

Rudi kwenye ile minazi 120. Wale watoto wawili wa kiume, kila mmoja 34. Tuseme mmoja wao ni mgonjwa wa akili. Huenda unaijua familia kama hiyo, huenda ni yenu. Baada ya arubaini wanakaa kikao cha ukoo, na mtu mmoja anasema kwa sauti ya upole kabisa: huyu naye shamba atalifanyia nini, hata jina lake siku nyingine halijui, basi sisi tutamwangalia. Wote wanatikisa vichwa. Minazi 34 inahamia kwa kaka. Mwaka wa kwanza mgonjwa anapelekewa sahani ya wali. Mwaka wa tatu anaonekana stendi, nguo zimechanika, na watoto wanamrushia mawe wakiimba netiweki haisomi.

Hiyo ni dhuluma, hata kama kikao kilifunguliwa kwa Fatiha.

Allah, katika Suratun-Nisaa aya ya 5, ametukataza kuwakabidhi mali wasioweza kuisimamia, na katika aya hiyohiyo ametuamuru tuwalishe na kuwavisha kutokana nayo na tuseme nao kwa maneno mema. Tazama ukamilifu wa amri: mali ilindwe, mwenyewe ale na avae, na heshima yake ya kuzungumzishwa vizuri ibaki. Hata maneno hayakusahauliwa.

Na nani asimamie? Katika fiqhi yetu ya Shafii, msimamizi wa mali ya mwendawazimu ni baba, kisha babu, kisha aliyeusiwa na mmoja wao, kisha kadhi. Kaka hajitwalii usimamizi kwa sababu tu ni kaka. Kwa mazingira yetu, fanyeni hivi: mtajeni mgonjwa kwa jina katika orodha ya warithi mnapokwenda mahakamani kuomba msimamizi wa mirathi. Hudhurisheni sheikh anayejua faraidhi. Fungu lake liandikwe, minazi yake ihesabiwe na iwekewe alama. Kila msimu wa kuangua, hesabu ya nazi zake isomwe mbele ya mashahidi, na fedha zitumike kwa dawa, chakula, nguo na malazi yake. Zikibaki, ziwekwe kwa jina lake. Akipona, akabidhiwe mbele ya mashahidi.

Mkiona matibabu ni mbali au hayana maana, kumbukeni kuwa mkoa wetu una historia. Katika milima ya Usambara, Korogwe, ipo hospitali ya Lutindi. Wamisionari wa Kijerumani waliianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Ni miongoni mwa hospitali za mwanzo kabisa za aina hiyo Afrika Mashariki, na Walutheri wanaiendesha mpaka leo. Si watu wa dini yetu, na haki tuiseme: walipanda mlima kwa ajili ya watu waliokimbiwa. Sisi nasi tulikuwa mbele katika kazi hiyo. Hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo katika miaka ya 1280 ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili, ikaendeshwa kwa mali ya wakfu. Waislamu wa zama zile waliweka wakfu kwa ajili ya wagonjwa hao. Sisi wa leo tunawala minazi yao.

*JAWABU*

Basi ukiulizwa tena kama ubongo ni kompyuta, sema hivi: ubongo ni kiungo alichokiumba Allah, na miongoni mwa kazi zake ni kuhesabu. Kazi hiyo moja ndiyo waliyoiga wanaadamu wakatengeneza kompyuta, na imetufaa sana. Mengine ya akili na roho, wasomi bado wanabishana, na sisi tumeambiwa elimu yetu ni chache. Lakini thamani ya mtu hatukuachiwa tuipime wenyewe. Imeshahukumiwa, na mgonjwa ana minazi yake 34.

Leo, kabla hujalala, mtazame yule ndugu yenu mnayesema ana matatizo. Muulize mkubwa wa familia fungu lake la urithi liko wapi na linasimamiwa na nani. Kama limeliwa, lirudishwe angali yu hai, maana akifa anakwenda kwa Mola asiyesahau, na siku hiyo kalamu iliyoinuliwa kwake itakuwa imekuandikia wewe.

Ewe Allah, waponye wagonjwa wetu, waongoze madaktari wao, wape subira wanaowauguza, na tuepushe na kula mali ya asiyeweza kujitetea. Ewe Allah, tupe akili yenye kukucha Wewe. Amin.

Wallahu a'lam.

Mfikishie somo hili anayegawa mirathi mwezi huu, na lisome kwenye kundi la ukoo wenu.